Daktari wa akili au mwanasaikolojia: umwone nani kwanza ukiwa Tanga

Mama mmoja wa Mikanjuni aliingia dukani kwangu saa tano asubuhi, akatoa karatasi mbili kwenye mkoba, akazilaza juu ya kaunta moja kando ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa cheti cha dawa kutoka kliniki ya afya ya akili: amitriptilini miligramu 25, kidonge kimoja usiku, siku 14. Kilikuwa cheti cha siku tisa nyuma na dawa haijanunuliwa. Ya pili ilikuwa kipande kilichochanwa kwenye daftari la shule, kina jina la mwanasaikolojia na namba ya simu. Hicho alipewa na jirani.

Mgonjwa ni binti yake. Alifiwa na mume, akakaa eda miezi 4 na siku 10 kama inavyotakiwa, na sasa eda imekwisha mwezi mzima lakini yeye hajatoka chumbani. Hali chakula, halali usiku, nguo zimemlegea.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa si ndio wale wale? Hela niliyonayo ni ya mmoja. Ninunue hizi dawa, au nimpeleke kwa huyu wa mazungumzo?"

Nauza dawa Ngamiani mwaka wa kumi na moja huu, na swali hilo nimeulizwa kwa sura nyingi. Watu huanzia duka la dawa kwa sababu ukionekana hapa hakuna anayeuliza umefuata nini; huenda umekuja kununua panadol. Ukionekana kwenye benchi la kliniki ya akili, kabla ya magharibi habari imeshafika Chumbageni. Basi naandika hapa yale ninayomweleza mtu nikipata dakika ishirini, ambazo kaunta hainipi. Habari za wateja nimezibadili kidogo, wasijulikane.

Wamesoma nini

Sio wale wale. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza. Amesoma udaktari miaka 5 kama yule anayekupasua au anayekuzalisha, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, kisha akarudi shule miaka 3 mingine kusomea ubingwa wa akili. Mwanasaikolojia hakupita huko. Amesoma jinsi binadamu anavyofikiri, anavyohisi, anavyojifunza na anavyokwama: shahada ya kwanza miaka 3, na akitaka kutibu watu huongeza uzamili wa saikolojia ya tiba wa miaka 2, akifanya mazoezi kwa wagonjwa chini ya usimamizi. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinawafundisha wote wawili, kwa hiyo usifikiri ni kambi mbili zinazonuniana.

Tofauti hiyo ya shule ndiyo inayozaa nyingine zote. Daktari akimtazama mtu aliyenyong'onyea, kichwani mwake kuna orodha ya maradhi ya mwili yanayojifanya maradhi ya akili. Tezi ya shingo ikizembea, mtu huchoka, hunenepa, huona giza kila kitu. Ikizidisha kazi, moyo humdunda na mikono kutetemeka mpaka akaambiwa ana wasiwasi. Upungufu wa damu humfanya mama aonekane mvivu na mwenye huzuni. Kaswende ya muda mrefu huweza kufika kwenye ubongo. Malaria kali humfanya mtu aongee ovyo, na sisi tunasema imempanda kichwani. Zipo hata dawa zenyewe: efavirenzi, iliyotumiwa miaka mingi na wenye virusi vya UKIMWI, ilijulikana kwa kuleta ndoto za kutisha na kuvuruga hisia. Daktari ataagiza damu ipimwe kabla hajakubali kwamba tatizo lako ni mawazo. Mwanasaikolojia mzuri anayajua hayo kwa kuyasikia na atakurudisha hospitali akiyashuku, lakini hana kalamu ya kuagiza kipimo.

Hana kalamu ya dawa pia. Huo ndio mpaka unaojulikana na wengi. Hata huko Marekani, walikoanza kuulegeza, New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza kuwaruhusu wanasaikolojia waliopata mafunzo ya ziada waandike baadhi ya dawa, mwaka 2002, na majimbo yaliyofuata ni machache. Kwetu akitokea mtu anayejiita mwanasaikolojia akakuandikia vidonge, au mbaya zaidi akakuuzia yeye mwenyewe, chukua viatu vyako.

Na neno lenyewe ni pana, lazima niseme. Saikolojia ilianza kujitenga kama elimu ya maabara pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, na tangu hapo imegawanyika matawi mengi: wapo wanaoshughulika na watoto shuleni, wapo wa makazini, wapo wasiomwona mgonjwa maisha yao yote. Unayemtaka wewe ni wa tiba. Usione haya kumuuliza amesoma wapi, kafika shahada gani, na alifanya mazoezi chini ya nani. Kumhakiki daktari ni rahisi zaidi, kwa sababu lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Hawa wa mitandaoni wenye video za dakika moja na jina "mwanasaikolojia" chini ya picha, wengine ni wa kweli na wengine walihudhuria semina ya wiki mbili.

Ukiingia chumbani

Kwa daktari siku ya kwanza utaulizwa mengi kwa haraka: ilianza lini, usingizi ukoje, chakula, nani katika ukoo amewahi kuugua hivi, unatumia nini, pombe, bangi, mirungi. Atakuuliza leo ni siku gani, kama unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kama umewahi kufikiria kujitoa uhai. Watu hukasirika kwa swali hilo la mwisho. Msikasirike, ni swali la kawaida kama kupimwa presha, na kumuuliza mtu hakumtii wazo hilo kichwani. Ziara zinazofuata ni fupi: dawa zinakaaje, umelala vipi, njoo tena mwezi ujao. Foleni ndefu, mazungumzo mafupi.

Kwa mwanasaikolojia ni kinyume. Unakaa dakika 45 hadi saa nzima, mara nyingi kila wiki, na matibabu yanaweza kwenda vikao 6 hadi 20 au zaidi kutegemea tatizo. Anayezungumza zaidi ni wewe. Wengi wa watu wangu hurudi na lawama moja: "Nimekwenda, nimeongea mimi tu, hakunipa ushauri." Ushauri tunao mwingi hapa Tanga, kila kibaraza kina wazee wanne wa kuutoa bure, na kama ungetosha nisingekuwa nauza hizi dawa. Kazi ya mwanasaikolojia ni kukusaidia uone mahali fikra yako inapokufunga, kisha mjaribu pamoja kuifungua. Ndiyo maana anakupa kazi ya nyumbani: andika kila ulipopaniki ulikuwa unawaza nini, panda daladala vituo viwili tu kisha ushuke, mpigie ndugu ambaye hujamsemesha.

Anapima pia, ila si damu. Mtoto asiyesoma wakati wenzake wanasoma, au mzee anayeanza kusahau, mwanasaikolojia ana vipimo vya maswali na michoro vya kuonyesha tatizo liko kwenye kumbukumbu, umakini au lugha. Eneo hilo mara nyingi daktari mwenyewe humtegemea yeye.

Hizi dawa, ambazo ndizo kazi yangu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakopotelea. Mama wa Mikanjuni hakununua kwa kuwa jirani alimwambia vidonge vya akili "vinamlaza mtu mpaka anakuwa zuzu, halafu huwezi kuviacha tena". Maneno hayo mawili yana ukweli kwa baadhi ya dawa, na tatizo ni kwamba yanapakwa dawa zote.

Dawa za sonona, yaani huzuni iliyogeuka maradhi, kama amitriptilini au fluoksetini hazileti uraibu kama pombe inavyoleta, ingawa haifai kuziacha ghafla; hupunguzwa pole pole. Shida yao ni kwamba usumbufu hutangulia faida. Amitriptilini wiki ya kwanza inakausha mdomo, inaleta usingizi mzito na choo kigumu, na huzuni iko palepale. Faida huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4. Hesabu hapo: mtu kapewa dozi ya siku 14, siku ya kumi anasema "hii haifanyi kazi, inanikausha koo tu", anaacha. Kaacha kwenye mlango. Na akipona, daktari humtaka aendelee miezi 6 au zaidi ili isirudi, jambo ambalo sisi tuliozoea dozi ya malaria ya siku 3 tunaliona kama adhabu.

Amitriptilini hiyo hiyo ni hatari ikinywewa nyingi kwa pamoja, inagusa moyo. Ndiyo sababu daktari kaandika siku 14 na si miezi mitatu. Nyumbani kwenye mtu aliyekata tamaa, kopo la dawa likae kwa mama au kaka, si chini ya mto wa mgonjwa.

Zile zinazoleta uraibu kweli ni hizi za usingizi, jamii ya diazepamu, na ajabu ndizo mnazoniomba bila cheti. "Nipe mbili tu za kulalia." Sikupi. Ukizinywa wiki kadhaa mfululizo mwili unazizoea, unataka zaidi, na ile sababu iliyokuondolea usingizi haijaguswa.

Halafu kuna dawa za wanaosikia sauti au waliopandisha. Hapa nina kisa. Kijana wa Makorora alichomwa sindano ya haloperidoli akiwa amevurugika vibaya. Alitulia. Kesho yake shingo ikapinda upande mmoja, macho yakakwama yakitazama dari, ulimi unatoka hauingii. Familia ikaamua jini amekasirishwa na sindano. Wakampeleka kwa mganga, akafukizwa siku mbili. Mjomba wake alikuja kwangu kununua plasta, akanisimulia kama mtu anayesimulia msiba. Nikamwambia, mjomba, hilo si jini, ni misuli. Haloperidoli na ndugu zake hukaza misuli ya baadhi ya watu, hasa vijana wa kiume, siku za mwanzo. Inatambulika, ina dawa yake, benzheksoli, ambayo wengi wanaiita Artane. Mrudisheni hospitali sasa hivi. Walimrudisha, akapewa, na kabla ya alasiri shingo ilikuwa imenyooka. Ningekuwa mimi ndiye daktari ningewaambia jambo hilo kabla ya kuchoma sindano, na ukipewa dawa hizi wewe uliza: nikiona nini nirudi mbio?

Mawili mengine ya kuuliza, kwa haraka. Mwanamke anayetarajia kuzaa, akiandikiwa valproeti, dawa ya kifafa na ya hisia zinazopanda na kushuka, aseme, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na anayetumia lithiamu, nayo ya hisia hizo, asiingie Ramadhani bila kuonana na daktari: mwili ukikaukiwa maji kutwa nzima katika joto letu hili, lithiamu hupanda kwenye damu na kuwa sumu. Amitriptilini ya usiku haina shida hiyo, unainywa baada ya futari na saumu yako iko salama.

Haya yote ni ya daktari. Mwanasaikolojia hatakusumbua na ulimi mkavu.

Je, maneno matupu yanatibu?

Yanatibu, na sisemi hivyo kumridhisha mtu. Sonona ya kiwango cha chini na cha kati, hofu za ghafla, woga wa kitu maalumu, fikra zinazojirudia, jeraha la ajali au kubakwa: tiba ya kubadili fikra na mwenendo ina ushahidi mzuri kwa hayo. Kwa woga na hofu za ghafla, mimi mwuza dawa nakuambia anza huko. Kwa sonona nzito, dawa na mazungumzo kwa pamoja hushinda kimojawapo peke yake.

Na aliyeianzisha tiba hiyo miaka ya 1960, Aaron Beck wa Philadelphia, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Wapo madaktari wanaotibu kwa mazungumzo, ila kwetu walivyo wachache na foleni ilivyo, usitarajie.

Kisa cha Zimbabwe kinanigusa zaidi, kwa sababu kinafanana na vibaraza vyetu. Daktari wa akili Dixon Chibanda aliona hana wataalamu wa kutosha Harare, akawafundisha wanawake wazee wa mitaani kukaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kufanya naye tiba ya kutatua matatizo hatua kwa hatua. Mwaka 2016 walichapisha matokeo ya jaribio la watu 573 katika zahanati 24, na waliokaa na wale bibi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kwa Kishona ugonjwa wanauita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema ana mawazo mengi. Wale bibi walifundishwa lakini. Hawakuwa wanatoa maoni yao tu.

Yako magonjwa ambayo mazungumzo peke yake hayafai kuanza nayo. Mtu anayeamini redio inamtaja jina, au anayelala saa moja kwa siku 5 mfululizo na bado anagawa mali na kuanzisha biashara tatu, huwezi kumkalisha umwambie achunguze fikra zake. Dawa kwanza. Akitulia, hapo mwanasaikolojia ana kazi kubwa: kumsaidia akubali maradhi, azijue dalili za kurudi, apatane na ndugu aliowatukana.

Kwa hapa Tanga, hasa

Ulinganisho wa vitabuni unadhani wote wawili wako mtaa mmoja na wewe unachagua. Hapa unachagua kutoka kwa waliopo. Ukienda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa, Bombo, au ya wilaya yako, usishangae anayekupokea akiwa muuguzi wa afya ya akili au daktari msaidizi aliyesomea eneo hilo. Usiondoke kwa kudharau. Hao ndio wanaobeba kazi hii nchini, wanazijua dawa, wanawajua wagonjwa wao kwa majina, na wakishindwa ndio wanaokuandikia rufaa kwa bingwa. Kliniki hizo hizo huhudumia wenye kifafa, kwa hiyo hata aibu ya benchi ina pa kujificha: baadhi ya waliokaa pale hawana ugonjwa wa akili.

Mkoa wetu, kwa taarifa ya wasiojua, una historia ndefu kwenye hili. Lutindi, juu milimani wilaya ya Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliookolewa utumwani, kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, kabla hata ya Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927. Bado ipo, chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa hushika kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba. Watu wa pwani tunaitaja Lutindi kwa kutishana. Waliokaa na mgonjwa wao kule hawaitaji hivyo.

Mwanasaikolojia ni mgumu zaidi kumpata. Wengi wako Dar es Salaam, kilomita kama 350 kwa basi kutoka Kange, na huwezi kwenda kila wiki kwa ajili ya saa moja. Lakini yeye ana nafasi ambayo daktari hana sana: kikao kinaweza kufanyika kwa simu. Sharti upate chumba ambacho mama mkwe hasikii, na nyumba zetu za Uswahilini zenye kuta zisizofika darini hazikusaidii. Nina mteja anayefanya vikao vyake ndani ya bajaji yake, ameiegesha Raskazone chini ya mti, kioo kinatazama bahari. Wengine huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye hatozi na ambaye kwa ugomvi wa ndoa, matunzo ya watoto na msiba wa kawaida anaweza kukutosha.

Gharama siziandiki hapa, zinabadilika. Uliza tu mapema kikao ni kiasi gani na vitakuwa vingapi, na kama una bima, muulize bima yako kwa simu kama inalipia mazungumzo, si vidonge peke yake. Kwa kawaida kidonge ndicho cha bei nafuu. Nilimwonyesha yule mama bei ya dozi yake, akaitazama mara mbili.

Na masheikh, na kombe, na maji ya kusomewa? Mimi mwenyewe nimekunywa kombe nikiwa mdogo, sina ugomvi. Msomeeni mgonjwa, mwombeeni. Ugomvi wangu ni pale mtu anapoambiwa aache vidonge ili dua ifanye kazi. Sheikh wa hivyo ni wa kumpita, na nashukuru nawajua wawili hapa mjini ambao wao wenyewe huwaleta watu hospitali.

Siku ambayo huchagui

Kuna hali ambazo ulinganisho huu haukuhusu, unakwenda hospitali siku hiyo hiyo, kitengo cha dharura, hata usiku. Mtu anasema anataka kufa, au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga. Hajalala siku tatu na anazidi kuchangamka. Haoni haja ya kula wala kunywa maji. Anaona vitu, anaogopa watu wa nyumbani, ameshika silaha. Anatetemeka na kuona wadudu siku mbili baada ya kuacha pombe ghafla.

Na mzazi. Hili nalirudia kila ninapopata nafasi: mwanamke akibadilika ndani ya wiki 2 baada ya kujifungua, halali hata mtoto akilala, anamtazama mtoto kama si wake, anasema mambo yasiyoeleweka, usimwite mwalimu wa kumtoa shetani, na usimwite mwanasaikolojia. Hiyo humpata mzazi mmoja au wawili katika kila 1,000, inatisha, na inatibika vizuri sana akiwahi kwa daktari. Asiachwe peke yake na mtoto wakati mnasubiri gari.

Ikifika mtu lazima alazwe na mwenyewe hataki, hilo lina utaratibu wake kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kamba na minyororo havimo.

Nilivyomjibu yule mama

Nilimuuliza maswali matatu. Anakula? Uji kidogo, akilazimishwa. Amepungua? Gauni la Idi iliyopita linamzunguka. Amesema kuhusu kufa? Akasita. Kisha: "Anasema angetangulia yeye, si mumewe."

Mtu wa hivyo hawezi hata kukaa saa moja kuzungumza. Kichwa hakina mafuta. Kwa huzuni ya msiba peke yake ningemwambia aanze na karatasi ya pili, kwa sababu kufiwa si ugonjwa na hakuna kidonge cha kumsahau mume. Lakini hii ilikuwa imevuka msiba, imeingia mwilini. Nikamwambia arudi kliniki leo hii, si kesho, aliseme lile neno la kutangulia kama alivyoniambia mimi, na dawa anunue, aishike yeye. Karatasi ya jirani aikunje aiweke. Wiki ya nne, usingizi ukirudi, ndipo aipige hiyo namba.

"Na huyo naye atanipa cheti?"

"Hapana mama. Atampa kazi ya nyumbani."

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Akarudi baada ya miezi miwili kununua dozi nyingine. Nikamuuliza kazi ya nyumbani ni ipi. Kumbe ni kutoka nje kila alasiri, hatua chache zaidi ya jana, na kuandika alivyojisikia kabla na baada. Siku za mwanzo binti aliishia kizingitini. Kisha uani, kisha kwenye bomba la jirani. Juzi kafika hadi kwa muuza mkate wa kumimina pale kona, akarudi nyumbani akakuta chenji pungufu shilingi 500, akajifunga kanga yake upya, akarudi tena kugombana naye. Mama ananisimulia ugomvi ule neno kwa neno, huku anahesabu hela za dawa.